Nyama ya Mjomba

Jumatatu, 1 Julai 1996

Daftari hili ni la Wekulo, la hesabu. Alitumia kurasa nne akalitupa chini ya kitanda. Nimelichukua mimi. Nisipoandika nitapigana na mtu, na mtu mwenyewe anaishi Kawangware, na miguu yangu imechoka kwenda huko.

Baridi. Nimeshona sketi mbili.

Jumatano, 3 Julai

Niandike mambo yalivyo, nisije nikasemwa kwamba nina hasira za bure.

Mwanangu Wekulo alitimiza miaka kumi na miwili mwezi wa Mei. Mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, alimwendea baba yake akasema anataka kutahiriwa mwaka huu. Kwetu Wabukusu msimu ni Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja la. Baba yake, Nyongesa, akamuuliza mara tatu kama desturi ilivyo: "Uko sure?" Mara tatu akajibu yuko sure. Mtoto hasukumwi kwenye kisu. Anakiomba.

Lakini kabla ya kisu kuna nyama. Siku moja kabla, mtoto huenda na njuga zake kwa khocha wake, yaani mjomba, ndugu ya mama. Mjomba huchinja fahali, hukata ukanda mrefu wa nyama, humvisha mtoto shingoni, kisha humwambia maneno makali: sisi kwetu tulisimama, hakuna aliyepepesa jicho, kama wewe ni mwoga usirudi hapa. Mtoto hurudi kwao mbio na ile nyama kifuani. Asiyepewa nyama hukatwa vilevile, kisu hakichagui. Lakini watu wote wataona kifua kitupu na kujua kwamba mama yake hana kwao.

Na mimi kwetu mwanaume ni mmoja tu, mdogo wangu Ambrose. Wazazi walikufa akiwa na miaka tisa. Nimemlea hapa hapa Kibera kwa cherehani hii hii ninayoegemea nikiandika. Sasa ana miaka ishirini na minane, ana mke, ana mtoto mchanga, ana bucha Kawangware. Bucha! Anakata nyama tangu asubuhi hadi jioni, anawauzia hata watu asiowajua, na hana kipande cha shingo ya mwanangu.

Jumapili iliyopita nilimwomba. Alisema atafikiria. Afikirie nini?

Alhamisi, 4 Julai

Manyunyu kutwa. Kila mtu anataka nguo ya kusafiri. Mmoja ana harusi ya dada yake, mwingine baba yake amejenga nyumba ya mabati na kuna maombi, wengine wana watoto wa kutahiri. Nusu ya Kibera inaenda nyumbani Agosti na yote inapitia kwa cherehani yangu. Nashona sherehe za watu.

Jumapili, 7 Julai

Nimekwenda tena. Kwa miguu hadi Dagoretti Corner, halafu kushuka Kawangware, matope hadi kwenye vifundo. Nimemkuta buchani na koti lake jeupe, anasaga nyama ya mteja. Hakusimamisha mashine. Ilibidi niongee kwa kupiga kelele mbele ya watu, na mimi si mtu wa kuogopa kupiga kelele.

"Ambrose, nipe jibu."

"Dada, hiyo kitu mimi siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimeokoka."

"Umeokoka kutoka kwa mpwa wako?"

Mteja mmoja akacheka. Ambrose akazima mashine, akafuta mikono, akanitoa nje. Akasema yeye hana shida na Wekulo kutahiriwa, atamnunulia nguo mpya, atampa hata baiskeli akipona. Lakini kusimama mbele ya wazee aseme yale maneno juu ya nyama, hapana.

"Maneno gani yamekushinda? Ni maneno manne, matano."

"Siwezi kuyasema, Dada. Usinifanye niyaseme."

"Hata nikikupigia magoti?"

"Wacha hiyo. Watu wanaona."

Nimerudi bila hata kunywa chai. Mke wake Valentine alinikimbilia hadi barabarani akiwa na mtoto mgongoni, ananiita, sikugeuka. Mwenye hatia hapo si Valentine, najua. Nilikuwa nimekasirika, basi.

Ijumaa, 12 Julai

Sindano tatu zimevunjika leo. Mkono mzito.

Jumapili, 14 Julai

Mama mwenye nyumba, Mama Sitelbanat, Mnubi wa hapa Makina tangu babu yake, ana mjukuu anaitwa Ilyas ambaye naye ametahiriwa jana. Sherehe nzuri, siwezi kukataa. Pilau, kanzu mpya ambayo nimeishona mimi, akina mama wa Kinubi wamejipaka manukato hadi kuku wanapiga chafya. Daktari alikuja nyumbani na mkoba wake, mtoto akalazwa kitandani akadungwa sindano ya ganzi, na pipi mkononi.

Nilicheka. Niliwaambia majirani kwamba kulala kitandani na pipi ni kung'olewa jino, huko si kutahiriwa. Kwetu mtoto anasimama wima, tope mwilini, macho wazi. Nilisema kwa sauti na Ambrose alikuwapo, maana Mama Sitelbanat ndiye aliyemuuzia kiti cha kwanza cha bucha na humwalika kila sherehe. Aliweka sahani ya pilau chini, akaaga. Mimi hakuniaga.

Mama Sitelbanat akaniambia, "Binti, ulimi wako unakata kuliko mkasi wako."

Nikamwambia mkasi wangu ndio unanilisha.

Jumanne, 16 Julai

Barua kutoka Bungoma. Baba mkwe wangu, Mzee Naftaly, anakuja Nairobi mwanzo wa Agosti kumsindikiza mjukuu. Mwisho wa barua ameandika: "Na huyo khocha wa Kibera, nataka nimwone akivisha." Khocha wa Kibera! Mimi tangu niolewe ni "yule msichana wa Kibera" tu, kama vile niliokotwa kwenye reli.

Jumapili, 21 Julai

Hii nitaiandika polepole maana nikiandika haraka nitatoboa karatasi.

Ambrose amekuja mwenyewe. Nilifurahi nilipomwona mlangoni, nikaweka maji ya chai jikoni, nikadhani amelainika. Amekuja na kadi. Mtoto wao, ambaye wamemwita Nelima, jina langu, anawekwa wakfu kanisani kwao Kawangware. Siku yenyewe, Jumapili, tarehe kumi na moja Agosti.

Tarehe hiyo hiyo Wekulo anasimama Bungoma. Ambrose amekuwa akiijua tangu Mei. Jumapili zote za mwaka, na amechagua hiyo!

"Mliniuliza?" nikamwambia. "Mmeniuliza mimi, shangazi mtu, mwenye jina? Mmenipangia tu kama mtoto?"

"Ni mchungaji alipanga."

"Na wewe huna mdomo?"

Akasema, "Dada, wewe ndiyo unaniambia mambo ya kuulizwa?" Sikuelewa na sikutaka kuelewa. Nilimwambia atoke. Chai niliimwaga mlangoni baada yake, na Mama Sitelbanat akanigombeza kwa kulowesha veranda yake.

Nyani haoni kundule. Yeye ndiye aliyekula jasho langu, na leo Mungu wake amekuwa mkubwa kuliko mimi.

Alhamisi, 25 Julai

Nimeshona gauni la mtoto, jeupe, na marinda madogo madogo. Sijui kwa nini nimelishona. Nimelifungia kwenye sanduku. Hawalipati.

Ijumaa, 2 Agosti

Shule zimefungwa. Wekulo amefunga njuga mikononi na kuanza kuzunguka na vijana wenzake, Makina hadi Ayany hadi kule Nyayo Highrise ambako baba yake anajenga ukuta, akialika watu. Nyongesa anasema wenzake wa mjengo waliweka sepeto chini wakacheza.

Mama Sitelbanat: "Hizo kengele zitaniua, binti." Lakini nimemwona akitikisa bega.

Amerudi jasho linamtiririka. "Mum, kwa Anko Ambrose naenda lini?" Nikamwambia ale kwanza.

Jumapili, 4 Agosti

Mzee Naftaly amefika jana na kuku wawili. Leo ameuliza mbele ya wote, "Khocha yuko tayari?" Nyongesa akaniangalia mimi. Nikasema yuko tayari.

Baadaye nje, Nyongesa ananiambia tutafute mtu yeyote wa ukoo wetu, wapo wengi Kibera, avishe nyama mambo yaishe.

"Unataka nikodishe ndugu?"

"Mama Wekulo, usinikasirikie mimi. Mimi si Ambrose."

Kweli, si Ambrose. Lakini Ambrose hayupo hapa.

Jumanne, 6 Agosti

Valentine amekuja, mtoto mgongoni. Alingoja Mzee atoke. Hata kuketi hakuketi. Yeye ni mtu wa sauti ndogo na siku zote nilidhani ni mtu wa akili ndogo pia. Nilikosea.

"Mimi nimechoka kukaa katikati yenu," akasema. "Ambrose alinikataza nisikuambie. Nitakuambia. Dada, mambo ya wokovu ni ukuta tu, amejificha nyuma. Pastor mwenyewe alimwambia aende ampatie mtoto nyama, si dhambi. Na hiyo tarehe ni yeye aliomba, si Pastor. Alitaka kitu ya kumzuia."

"Basi shida ni nini?"

"Shida ni yale maneno. Atasemaje 'mimi nilisimama' na hakusimama? Anasema hawezi kudanganya juu ya nyama ya mtoto. Na akisema ukweli, wewe ndiye utaaibika."

Kisha akaniuliza kwa ile sauti yake ndogo: "Ni nani alimpeleka hospitali?"

Aliondoka. Cherehani imenyamaza tangu hapo.

Jumatano, 7 Agosti

Sijalala vizuri. Sitaandika mengine hadi niandike hili.

Ni mimi.

Agosti 1982. Ambrose alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa ameshafunga njuga. Nilikuwa nimeweka ndani ya unga pesa ya nauli ya kumpeleka kwa shangazi yetu Kimilili. Halafu Jumapili ya kwanza ya mwezi wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, risasi mjini, amri ya kutotoka nje, mabasi yakasimama. Zikapita wiki. Barabara zilipotulia, msimu ulikuwa unaisha, nauli tumeshaila, na mchumba wangu Nyongesa alikuwa ameshasema wazee wake wanakuja Desemba kuzungumza ndoa.

Nilihitaji mwanaume wa kukaa upande wangu. Baba hayupo, ami hawapo. Ni Ambrose tu, na asiyetahiriwa haketi na wazee, hata awe na ndevu. Basi nikamwamsha asubuhi moja nikamwambia vaa shati, tunaenda. Njiani akauliza wapi. Nikasema, wewe twende. Alipoona kitanda na nesi alinitazama. Nilimshika mkono. Nilidhani namsaidia.

Desemba akaketi na wazee. Mzee Naftaly akauliza kijana amesimama wapi, na mimi, kabla hajafungua mdomo, nikasema kwa shangazi yetu Kimilili, wiki ya mwisho. Nikamtajia hadi jina la ngariba. Nimelirudia hilo mara ngapi? Harusini, kwenye matanga, kila mtu akiuliza. Uongo ukikaa miaka kumi na nne, unakuwa mwenye nyumba na wewe ndiwe mpangaji. Nilifika mahali nikawa naona kabisa ua wa shangazi, Ambrose kati, tope kichwani.

Na juzi nimesimama kwenye sherehe ya Ilyas nikiwacheka watu wa kitandani, naye ameshika sahani ya pilau.

Nyani haoni kundule. Niliyaandika mwenyewe, ukurasa wa nyuma hapo. Mwezi mzima nimemkasirikia yeye na hasira yote ilikuwa ya kwangu. Sijui niiweke wapi sasa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefungua sanduku nikatoa gauni. Nimekwenda Kawangware.

Bucha ilikuwa na watu. Nilipanga foleni kama mteja. Nilipofika mbele nikamwekea gauni juu ya kaunta, akalisogeza haraka lisishike damu.

"Ambrose, nilikukosea. Mwaka wa eighty-two."

Akamwambia mteja wa nyuma yangu angoje.

"Nilidhani mambo ya hospitali ndiyo yanakuuma," nikasema.

"Si hospitali, Dada. Wanaume wangapi wametahiriwa hospitali? Wengi hapa Kawangware, wanatembea." Akaweka kisu chini. "Mimi nilikuwa nimefunga njuga. Nilikuwa nimeomba mwenyewe. Ungeniambia tungoje miaka miwili, ningengoja. Ungeniambia nilale kwa hicho kitanda ndiyo uolewe, ningelala, ningelala, Dada, kwa ajili yako. Hukuniuliza. Halafu ukaniambia nimesimama, na hapo pia hukuniuliza."

Nimelia hapo buchani. Kuna mama aliyekuwa akinunua matumbo, akanipa leso yake.

Nilipomaliza nikafanya kitu ambacho sikukifanya miaka kumi na nne. Nikamuuliza. "Unataka kumvisha Wekulo nyama? Ukikataa, sitarudi tena hapa na hasira. Ukikubali, sema maneno unayotaka wewe."

"Na mzee wenu akisikia?"

"Asikie."

Akakunja gauni vizuri, mara nne. Akasema basi letu ni la saa mbili asubuhi Jumamosi, kwa hiyo mtoto aletwe alfajiri.

Jumamosi, 10 Agosti. Ndani ya basi, tumepita Naivasha

Mwandiko unaruka, barabara mbaya.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa Kawangware. Wekulo na vijana sita walikimbia kutoka Kibera gizani na njuga, wakiamsha mbwa wote wa Ngong Road. Sisi wazee tulifuata na gari la jirani. Nyuma ya plot ya Ambrose palikuwa na fahali mweusi, mdogo lakini mnene, amefungwa kwenye nguzo ya kamba za nguo. Mzee Naftaly akamkagua kama ananunua. Akasema, "Afadhali."

Ambrose alichinja mwenyewe. Hapo hakuna wa kumfundisha. Akakata ule ukanda, luliki yenyewe, bila kukatika popote, akamwita Wekulo mbele. Mtoto akasimama kifua wazi kwenye baridi ile, mvuke unamtoka. Ambrose akamvisha. Kisha akainyoosha ile nyama kifuani pake kwa viganja viwili.

"Wekulo," akasema. "Khocha wako anatakiwa kukuambia alisimama. Mimi sikusimama. Nilifunga njuga kama wewe, lakini nilitahiriwa hospitali, nikiwa nimelala, kwa kitanda."

Vijana wakatazamana. Mzee Naftaly akageuka kunitazama mimi, si yeye. Nikasema, "Ni mimi nilimpeleka. Na ni mimi niliwadanganya, Baba. Yeye hajawahi kuwadanganya hata siku moja."

Ambrose hakungoja. Alimshika mtoto masikio mawili. "Mimi sijui kisu cha nje. Siwezi kukuambia hakiumi. Lakini nimetamani kusimama mahali utasimama kesho kwa miaka kumi na nne. Ukienda kupepesa jicho huko, usipepese kwa sababu ulisukumwa. Hakuna mtu amekusukuma. Ulikiomba. Sasa nenda ukichukue, na kama unaogopa, nirudishie nyama yangu niiuze!"

Akampiga kofi la kifua, juu ya nyama. Wekulo akapiga njuga hadi majirani wakatoka na taulo.

Mzee Naftaly alikuwa amekasirika, na sitasema hakukasirika. Alisema amekula na watu hawa miaka kumi na nne kumbe anakula na hadithi. Alisema mengi kwa Kibukusu ambayo nilistahili. Nyongesa, mume wangu, alisimama kando yangu wakati wote, hakuondoka. Mwishowe Mzee akamtazama fahali pale chini.

"Sasa amekwisha kufa. Tumshone tena? Fundi ni wewe." Akachukua fimbo yake. "Basi litatuacha."

Nyama iliyobaki ni ya sherehe ya kesho ya Nelima mdogo. Valentine alishaweka masufuria. Sitakuwapo kuona jina langu likitajwa madhabahuni. Nilimbeba tu kidogo kabla hatujaondoka, akaniharibia blauzi.

Ndani ya basi hili karibu kila mtu ni wetu na anaenda kwenye shughuli. Wekulo amekaa mbele na nyama yake, inaanza kunuka, na watu wanamwimbia. Mzee amekaa viti vitatu mbele yangu. Hajageuka bado.

Jumapili, 11 Agosti. Bungoma

Asubuhi sisi akina mama tulifungiwa ndani. Nilisikia njuga zikitoka mtoni walikokwenda kumpaka tope, zikaja, zikasimama uani. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kirefu hivyo. Halafu firimbi, ya kusema kisu kimemaliza.

Hakupepesa. Nyongesa alikuja kutuambia, akashindwa kumaliza, akalia kama mtoto.

Alipotulia akanieleza jambo la mtoni. Wakipakwa tope, vijana wa pale walimuuliza Wekulo nyama ile amevishwa na nani. Akasema, kwa nguvu, na meno yanagongana kwa baridi: "Na khocha wangu, Ambrose wa Kawangware. Alitahiriwa hospitali." Kijana mmoja akacheka. Basi Mzee Naftaly, aliyekuwa amesimama majini hadi magotini na fimbo yake, akamuuliza yule kijana, "Wewe wa kwako alikuambia ukweli?"



Saa hii kule Kawangware wanakula fahali yule yule. Nimemwomba Mzee ruhusa niende kituoni kupiga simu kwa jirani wa bucha yao, waniitie Ambrose. Ameniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana, akasema niende, na nikifika huko nimuulize kama atakuja kwenye sherehe ya mtoto kutoka ndani anakokaa akipona, mwezi wa Desemba. "Muulize," akasema. "Usimwambie."